Kompyuta moja, mifumo miwili, faili moja: tathmini ya njia za kuyafikia mafaili kati ya Windows na Linux

Kazi yangu ni kupima mashamba ya miti ya wakulima wadogo wa Mufindi, hasa mipaini na milingoti, ili mwenye shamba ajue ana mbao kiasi gani zilizosimama kabla hajakaa na mnunuzi. Shambani ninapima unene wa kila mti ulio ndani ya ploti, kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, ninaandika namba kwenye daftari, na jioni ninazihamishia kwenye kompyuta. Kompyuta hiyo ni laptopu moja iliyotumika, yenye diski ya GB 480 na mifumo endeshi miwili. Wa kwanza ni Windows 10, kwa sababu programu ya hesabu ya mteja wangu mkubwa haifanyi kazi kwingine. Wa pili ni Linux Mint, ambamo ninachora ramani kwa QGIS na kufungua flashi za watu bila hofu ya vile virusi vinavyoficha folda zote na kukuachia njia za mkato zisizofunguka. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yangu ikiwa haina sifa za kupokea Windows 11, hata mambo ya intaneti nimeyahamishia upande wa Linux.

Msimu wa kiangazi uliopita nilijaribu karibu kila njia ambayo fundi wa Iringa au Mafinga angeweza kumshauri mtu mwenye mashine ya namna hii, anapotaka kufungua upande mmoja faili alilolihifadhi upande wa pili. Nimezipima njia hizo kwa kigezo kimoja kabla ya bei, kasi au urahisi: ukimaliza kazi, je, faili limebaki moja, au yamekuwa mawili? Nina sababu ya kukitanguliza kigezo hicho.

Mara ya kwanza diski yangu iligawanywa na fundi wa duka moja lililo kando ya barabara kuu. Aliweka Linux ubavuni mwa Windows kwa muda wa saa mbili, akanionyesha kwamba nikiwa Linux ninaiona diski D ya Windows na mafaili yake yote, tukaagana. Kwa siku kadhaa mambo yalikwenda hivyo. Kisha jioni moja, nikiwa nimelala kijiji cha upande wa Kibengu ambako mtandao hauna uhakika, niliingia Linux ili kuongeza vipimo vya siku hiyo kwenye jedwali lililokuwa D, na kompyuta ikanieleza kwamba faili linasomeka tu, haliandikiki. Nilikuwa nimechoka. Nililinakili jedwali kwenye folda yangu ya Linux na kuendelea na kazi humo. Kesho yake mteja alitaka kuona hesabu, nikawasha Windows, nikafungua jedwali la D na kuongeza vipimo vya asubuhi. Ilipofika Ijumaa nilikuwa na majedwali mawili yenye jina lile lile, na kila moja lilikuwa na miti ambayo mwenzake hakuwa nayo.

Mtu angeweza kusema kwamba nilipaswa kutazama tu saa ya mabadiliko ya mwisho, lakini hata saa zilikuwa zimepishana. Linux huichukulia saa iliyo kwenye ubao mama kuwa ni saa ya dunia, yaani UTC, halafu huongeza saa tatu zetu za Afrika Mashariki. Windows huichukulia saa hiyo hiyo kuwa ndiyo saa ya mahali ulipo. Kwa hiyo ukitoka Linux na kuingia Windows mahali pasipo na intaneti ya kuirekebisha, saa nne asubuhi Windows inaandika saa moja asubuhi, na kila faili unalolihifadhi linapigwa muhuri huo wa uongo. Nilirudi kwenye madaftari yangu yenye madoa ya utomvu na kusoma mti kwa mti, usiku mzima, kwa sababu kila mstari wa jedwali lile ni mti ambao mtu ameutunza kwa miaka kumi na zaidi, na mstari ukipotea ni yeye anayepunjwa, si mimi.

Nikiamini kwamba diski imeharibika, niliipeleka mashine kwa fundi mwingine, kijana wa Miyomboni mjini Iringa. Aliiwasha, akaitazama kidogo, akaniuliza, "Dada, Windows huwa unaizimaje?" Nikamjibu kwamba ninaizima kama watu wote wanavyozima. "Basi haizimiki," akasema. "Inasinzia tu. Linux inamkuta mwenye nyumba amelala ndani, ndiyo maana inakataa kuhamisha viti vyake." Tangu siku hiyo sijapata maelezo mengine yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Alichokuwa akikieleza ni kipengele kinachoitwa Fast Startup, kilichokuja na Windows 8 mwaka 2012. Ukibonyeza kitufe cha kuzima, Windows hufunga programu zako lakini haiufungi moyo wake wa ndani. Huuhifadhi kwenye faili linaloitwa hiberfil.sys ili kesho iamke haraka, na pamoja na moyo huo huhifadhi picha ya jinsi diski ilivyokuwa. Linux ikiandika kitu kwenye diski hiyo wakati Windows imesinzia, Windows itaamka ikiwa na picha ya zamani, na mifumo hiyo miwili itaanza kufutiana kazi. Ndiyo sababu draiva ya Linux, yaani programu inayoiwezesha kuisoma diski hiyo, ikiona dalili za usingizi huo, hukataa kuandika na kukuruhusu kusoma tu. Katazo lile lililonikera kule Kibengu lilikuwa linayalinda mafaili yangu. Aliyekosea ni yule aliyeigawa diski bila kuizima tabia hiyo wala kunionya.

Dawa yake ni amri moja. Unafungua dirisha la amri la Windows kwa haki za msimamizi, unaandika powercfg /h off, na kuanzia hapo kuzima kunakuwa kuzima. Amri hiyo huondoa pia uwezo wa kuihifadhi kazi iliyo wazi mezani na kuzima umeme wote, jambo ambalo baadhi ya watu wanalitegemea, na kwenye diski za zamani za kuzunguka utasubiri muda mrefu zaidi mashine inapowaka. Kwangu, kwenye SSD, yaani diski isiyozunguka, tofauti ni sekunde chache. Asiyetaka kuiondoa kabisa akumbuke kwamba kuwasha upya kutoka ndani ya Windows hufunga kila kitu ipasavyo, na vilevile kuzima huku umeshikilia kitufe cha Shift. Lakini kutegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka kwa jambo zito hivi sikushauri. Fundi yule alirekebisha pia saa, kwa kuiambia Linux ifuate saa ya mahali kwa amri ya timedatectl set-local-rtc 1. Linux yenyewe hutoa onyo kuhusu mpangilio huo, kwa sababu katika nchi zinazosogeza saa kila msimu huleta mkanganyiko. Tanzania haisogezi saa, hivyo onyo hilo halitugusi.

Baada ya hapo ndipo niliporudi kuzitathmini njia zenyewe, nikianza na msingi wake. Windows huhifadhi mafaili kwa mpangilio wa NTFS, ambao Microsoft iliutoa mwaka 1993 pamoja na Windows NT. Linux nyingi, Mint ikiwamo, hutumia ext4, iliyoingia rasmi kwenye kerneli ya Linux, yaani moyo wake wa ndani, mwaka 2008. Uhusiano wa pande hizi mbili si wa nipe nikupe. Linux imejifunza lugha ya NTFS vizuri, kwanza kwa draiva ya NTFS-3G, ambayo toleo lake thabiti lilitoka mwaka 2007, na baadaye kwa draiva ya ntfs3 ambayo kampuni ya Paragon Software iliitoa ikaingizwa kwenye kerneli ya 5.15 mwaka 2021. Windows, kwa upande wake, haikujifunza ext4. Ukiwa Windows ukatazama diski yako, sehemu ya Linux huoni chochote humo. Na baya zaidi, kuna hali ambazo Windows hukuuliza kama ungependa kuifomati sehemu hiyo ili itumike. Yeyote unayemwachia mashine yenye mifumo miwili, awe mtoto wa nyumbani au karani wa ofisini, mwonye kabla hajaiwasha kwamba swali hilo linajibiwa kwa kulifunga dirisha.

Kwa hiyo safari ya kutoka Linux kwenda kwenye mafaili ya Windows, ukishaiondoa Fast Startup, ni nyepesi: unafungua kidhibiti cha mafaili, unabonyeza diski, unaandika nywila yako pale inapohitajika, unafanya kazi. Ninatumia NTFS-3G badala ya ile mpya, kwa sababu majedwali na ramani zangu ni vitu vidogo ambavyo kasi haivibadilishi sana, na draiva iliyokaa kazini miaka mingi inanipa utulivu ninaouhitaji.

Safari ya kinyume, ya kutoka Windows kwenda kwenye mafaili ya Linux, ndiyo yenye programu nyingi za kuchagua na ndiyo niliyoitumia muda mwingi zaidi.

Niliyoipenda kati ya hizo ni Linux Reader ya kampuni ya DiskInternals. Ni ya bure, unaisakinisha ndani ya Windows, ukiifungua inakuonyesha sehemu zote za diski pamoja na zile za ext4, unaingia mpaka kwenye folda yako ya nyumbani, unachagua faili na kulihifadhi upande wa Windows. Haiwezi kuandika chochote upande wa Linux. Wengi huihesabu hali hiyo kuwa upungufu. Mimi naiona kuwa uaminifu, kwa sababu programu isiyoweza kuandika haiwezi kuharibu, na kirusi kilichoingia Windows hakiwezi kuipitia kwenda kuyachafua mafaili ya upande wa pili. Hata hivyo kwa kigezo changu inashindwa kuwa njia ya kazi za kila siku: ili ulifanyie kazi faili lazima ulitoe, ukilitoa umeshatengeneza la pili, na jioni utasahau kulirudisha. Nimeiweka kwenye mashine kama mtu anavyoweka kamba ya kuvutia gari kwenye buti.

Paragon, kampuni ile ile iliyoipa Linux draiva ya ntfs3, inauza programu ya Windows inayofanya kinyume chake, yaani inaipachika ext4 ndani ya Windows kama diski ya kawaida yenye herufi yake, ikisoma na kuandika. Niliijaribu katika kipindi chake cha majaribio, kwenye sehemu ya diski niliyoitenga kwa ajili hiyo, na ilifanya kile ilichoahidi: nilifungua jedwali la Linux ndani ya programu ya hesabu ya Windows, nikalihifadhi, nikarudi Linux nikalikuta lilivyo. Faili lilibaki moja. Sikuinunua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni malipo, ambayo yanahitaji kadi na fedha za kigeni kwa jambo ambalo, kama nitakavyoeleza, linapatikana bure. Ya pili ina uzito zaidi: ukishaipa Windows uwezo wa kuandika ndani ya ext4, umefungua mlango kwa kila kilichomo ndani ya Windows, na Windows haijui lolote kuhusu umiliki na ruhusa ambazo Linux huziandika kwenye kila faili. Kwa mtu ambaye mafaili yake makubwa tayari yapo upande wa Linux na hawezi kuyahamisha, ni chaguo la haki. Kwa anayeanza upya, hana haja nayo.

Ext2Fsd, ambayo mafundi wa zamani bado wanaipendekeza kwa sababu ni ya bure na inaandika, sikuisakinisha. Toleo lake linalojulikana zaidi, 0.69, ni la mwaka 2017, na ext4 inayotengenezwa na Linux za sasa ina vipengele ambavyo programu hiyo haikuandaliwa kuvishughulikia kikamilifu. Kuandika kwenye diski ya mtu kwa kutumia programu isiyoielewa diski hiyo ni kuyaweka rehani mavuno ya watu, nami sina ruhusa yao.

Kuna njia ya WSL pia, ile Linux ndogo ambayo Microsoft imeiweka ndani ya Windows tangu mwaka 2016, ambayo toleo lake la pili lina kerneli halisi ya Linux na amri ya wsl --mount ya kupachika diski za ext4. Vijana wengi huitaja, na kwa kompyuta ya mezani yenye diski mbili tofauti ni njia nzuri kabisa. Lakini amri hiyo huichukua diski nzima, haichukui sehemu ya diski, na haiwezi kuichukua diski ambayo Windows yenyewe inaishi ndani yake. Laptopu nyingi tunazozinunua huku zina diski moja tu, na mifumo yote miwili imo humo. Njia inaishia hapo, na ni vyema mtu ajue kabla hajapoteza jioni nzima kama nilivyoipoteza mimi.

Nikigusia kwa ufupi zile njia ambazo si za programu. Flashi ndiyo njia ya kuzalisha nakala, na ikishapita kwenye kompyuta za stesheni za uchapaji inarudi na wageni. Kuhifadhi mtandaoni ni kuzuri nikiwa Iringa mjini au Mafinga. Vijijini, Julai ukungu ukishuka na mtandao ukiyumba nao, faili la ramani linaweza kubaki nusu huku na nusu kule. Mpangilio wa zamani wa FAT32 unasomwa na mifumo yote, lakini haukubali faili moja kufika GB 4, na picha za droni huvuka kiwango hicho mara nyingi.

Njia ninayoitumia sasa ni ile ambayo kijana wa Miyomboni aliijenga alasiri ile ile, na ambayo naipa nafasi ya kwanza bila kusita: diski ina patisheni tatu, yaani sehemu tatu zilizotengwa. Windows ina GB 150 zake, Linux ina GB 80 zake, na zilizobaki, zaidi ya GB 200, ni patisheni ya tatu inayoitwa KAZI (ndani ya Windows ndiyo diski D), yenye mpangilio wa NTFS, ambayo si nyumba ya mfumo wowote bali ni ghala la wote wawili. Mafaili yote ya kazi yanakaa humo na hayakai kwingine. Hakuna programu ya kununua, hakuna cha kunakili, na swali la namna Windows itakavyosoma ext4 linakufa lenyewe, kwa sababu ndani ya ext4 hakuna tena kitu ambacho Windows inakihitaji.

Nilimuuliza kwa nini asitumie exFAT, mpangilio mwingine wa mafaili, ambayo Microsoft iliuweka wazi ufafanuzi wake mwaka 2019 na ambayo kerneli za Linux za sasa zinaisoma na kuiandika bila kuongezewa kitu. Jibu lake lilikuwa zuri. NTFS, sawa na ext4, na hasa Windows inapoiandikia, huweka kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyatekeleza, hivyo umeme ukikatika katikati ya kuandika, mpangilio wa diski unaweza kurudishwa mahali pake. ExFAT haina kumbukumbu hiyo. Laptopu yangu ina betri iliyozeeka, nami hufanya kazi kwa umeme wa kijijini au wa sola ya mwenyeji wangu. Kwa flashi ya kupelekea ramani ofisi ya kijiji exFAT inafaa sana. Kwa ghala la kazi yote, hapana.

Namna ya kuijenga ina mpangilio ambao ningependa kila fundi aufuate. Windows ipunguzwe kwa kutumia zana yake yenyewe ya Disk Management, siyo kwa zana ya Linux, na kabla ya yote mafaili yanakiliwe kwenye diski ya nje. Patisheni ya KAZI ifomatiwe ndani ya Windows. Kisha upande wa Linux unaandikwa mstari mmoja kwenye faili la /etc/fstab ili patisheni ipachikwe yenyewe kila mashine inapowaka; wangu unaitaja kwa namba yake ya UUID, unaipachika kwenye /mnt/kazi kwa aina ya ntfs-3g, na una chaguo za uid=1000, gid=1000, umask=022, windows_names na nofail. Chaguo mbili za mwisho ndizo ambazo mafundi wengi huziacha, nami nazitetea. Ya nofail inahakikisha kwamba siku patisheni hiyo ikiwa na tatizo Linux itawaka bila hiyo badala ya kukwama njiani. Ya windows_names inaizuia Linux kuunda faili lenye jina ambalo Windows hailikubali. Linux haioni shida kuita faili "ploti 7 saa 08:30", lakini Windows hairuhusu nukta pacha ndani ya jina, wala alama ya kuuliza, wala nyota, na faili kama hilo utaliona upande wa pili bila kuweza kulifungua. Kuna pia suala la herufi kubwa na ndogo, ambalo chaguo hiyo haiondoi: kwa Linux, Ploti7 na ploti7 ni mafaili mawili, kwa Windows ni jina moja. Mimi nimeamua kuandika kila jina kwa herufi ndogo.

Ndani ya Windows nimeihamisha folda ya Documents ielekee kwenye KAZI, na ndani ya Linux nimeweka kiungo kutoka folda yangu ya nyumbani. Kwa hiyo popote nilipo nikibonyeza mahali nilipozoea ninafika mahali pamoja.

Njia hii ina mipaka yake. Miradi ya QGIS inahifadhi anwani za tabaka za ramani, na kama mradi umewekwa uhifadhi anwani kamili, ule uliotengenezwa Windows utazitafuta kwenye D:\ na ule wa Linux kwenye /mnt/kazi, nao utakapofunguliwa upande wa pili utakuja na ramani tupu. Hakikisha kwenye sifa za mradi kwamba anwani ni za uwiano, na uweke mradi na tabaka zake katika folda moja. Pia NTFS inapopachikwa hivi, mafaili yote huonekana kuwa na mmiliki mmoja na ruhusa zilizo sawa, kwa hiyo programu na hati za amri zinazotegemea ruhusa za Linux ziachwe kwenye ext4. Na mashine ikizimika ghafla, Linux inaweza kukataa tena kuandika kwenye KAZI. Wapo wanaokimbilia ntfsfix. Zana hiyo hurekebisha makosa machache tu na kuiachia Windows uchunguzi kamili; ni bora kuwasha Windows, kuendesha amri ya kuikagua diski, chkdsk D: /f, kuzima, na kurudi.

Kwa wenye mashine mpya za Windows 11 kuna jambo la kutangulia hayo yote. Nyingi kati ya hizo hufungwa kwa usimbaji wa BitLocker bila mwenyewe kufahamu, hasa alipoingia kwa akaunti ya Microsoft. Linux za sasa zinaweza kuifungua diski ya namna hiyo, lakini zitadai ufunguo, na kule kuigawa diski au kugusa mipangilio ya kuwasha mashine kunaweza kuifanya hata Windows yenyewe iudai. Ufunguo wa kurejesha una tarakimu 48. Uutafute kwenye akaunti yako na uuandike kwenye karatasi kabla fundi hajagusa kitu. Fundi asiyeuliza habari za ufunguo huo kwenye mashine ya Windows 11 usimwachie mashine.

Nimetembea na mpangilio huu kutoka Mdabulo hadi Igowole kwa msimu mzima, nikibadilisha mfumo mara mbili au tatu kwa siku, na sijapata tena majedwali mawili yenye jina moja. Nakala ya akiba ninayo, kwenye diski ya nje inayobaki nyumbani, lakini hiyo ni ya kulala kabatini; haifunguliwi, haiongezwi mstari, na hivyo haishindani na faili la kazi.

Mara moja tu niliihitaji ile kamba ya kwenye buti. Mwezi Agosti, nikiwa Mdabulo, laptopu ilijirudisha kwenye mipangilio yake ya awali ya kuwasha, ikawa inaingia Windows moja kwa moja bila kuniuliza ninataka mfumo upi. KAZI ilikuwa salama na vipimo vyote vilikuwamo. Lakini mchoro mmoja wa mpaka wa shamba, ambao nilikuwa nimeuhifadhi kwa haraka kwenye eneo-kazi la Linux kinyume na utaratibu wangu mwenyewe, ulikuwa umebaki upande usiofikika, na wanafamilia wenye shamba walikuwa wamekwisha kukusanyika uani wakisubiri kuuona kabla ya kugawana. Nilifungua Linux Reader, nikaingia folda ya nyumbani, nikauhifadhi mchoro kwenye KAZI, tukaukagua pamoja, mzee wao akionyesha kwa fimbo mahali kijito kinapopita. Siku mbili baadaye, mashine ilipokubali tena kuingia Linux, jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kuufuta ule uliobaki kwenye eneo-kazi.